Gari Linanuka Dagaa Kila Giza Likiingia

*"Shikamoo fundi. Niko Kigoma mjini, maeneo ya Gungu. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, ya gia za mkono, niliinunua Dar es Salaam mwaka jana. Kwa miezi mitatu sasa gari linanuka dagaa, tena wale walioanza kuchacha. Ni kweli huwa nawapelekea wazazi Urambo dagaa na mawese, kwa hiyo nilidhani kuna kilichomwagika. Nimetoa kapeti na kuliosha gari mara tatu, nimesugua buti kwa ndimu, nimebadilisha filta ya AC. Harufu hupotea siku mbili tatu kisha hurudi. Asubuhi nikienda kazini haipo kabisa. Huja jioni nikishaendesha kama robo saa, na nikizima gari huisha yenyewe baada ya dakika kumi. Fundi mmoja anasema ni turbo, anataka aishushe. Mwingine anasema kuna mjusi amefia kwenye njia za hewa. Sijaona waya ulioungua wala fyuzi iliyokatika. Nilichobadilisha ni globu za taa kubwa tu, niliweka za wati 100 kwa ajili ya safari za usiku za Kasulu. Kwenye buti kuna amplifaya niliyoikuta. Taa ya kushoto siku hizi imefifia kidogo. Mke wangu hataki tena kupanda. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Umenisaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu umetaja saa. Watu wengi huniletea gari na kuniambia linanuka nini. Wachache huniambia linanuka lini. Katika kazi hii ya umeme wa magari, ambayo nimeifanya hapa Tabora kwa miaka mingi, hilo la "lini" hunifikisha kwenye ubovu haraka kuliko "nini".

Kabla sijaeleza lolote, nakuomba jambo moja: usiliendeshe gari hilo usiku mpaka umezitoa hizo globu za wati 100. Nasema hivi sijaliona gari, kwa hiyo naweza kuwa nimekosea. Nikiwa nimekosea, utakuwa umeahirisha safari moja ya Kasulu. Nikiwa sahihi nawe ukapuuza, unaweza kulipoteza gari, pamoja na waliomo.

Ninachoshuku ni kwamba hakuna dagaa hapo. Kuna plagi ya nyaya (sisemi zile plagi za cheche za injini) au swichi inayochemka, na plastiki yake ndiyo inayonuka. Kwa sisi mafundi umeme harufu ya samaki mahali pasipo na samaki ni dalili inayotufanya tuache kila kitu na kuanza kupapasa nyaya. Tatizo lako ni kwamba wewe uko Kigoma, na samaki wapo. Ukipita Kibirizi dagaa wameanikwa, gari lenyewe limewahi kuwabeba, basi pua ikisema "dagaa" akili inakubali palepale na kutafuta ndoo iliyomwagika. Huku kwetu Tabora gari lenye ubovu uleule huletwa na mwenyewe akilalamika kwamba panya wamekojoa humo ndani. Kila mtu huipa harufu jina la kitu alichokizoea. Ndiyo maana sitegemei sana jina.

Pua yako lakini haikukudanganya. Samaki anapoanza kuharibika, bakteria huvunjavunja kemikali iliyomo kwenye nyama yake na kutoa gesi za jamii iitwayo amini; inayonuka zaidi kati ya hizo ni trimethilamini. Sasa, baadhi ya plastiki ngumu zinazotengenezewa plagi, soketi na swichi zina naitrojeni ndani yake, na zikipata joto kupita kiasi hutoa gesi za jamii hiyohiyo. Kwa hiyo ulichokinusa kina undugu wa kweli na dagaa. Na ndimu uliyosugulia haikuwa kazi ya bure: asidi yake huzikamata amini na kuzizuia zisipae hewani, ndiyo sababu watu hujisugua mikono kwa ndimu baada ya kuparua samaki. Lakini ndimu huua harufu iliyokwisha kutoka. Haiwezi kuzuia plagi isitoe nyingine kesho jioni.

Nadhani hata zile siku mbili tatu za nafuu zina maelezo rahisi. Ukiosha gari na kutoa kapeti, unaliacha juani likauke, hulitumii. Unaporudi kuliendesha jioni, mambo yanaanza upya. Jikumbushe kama ndivyo ilivyokuwa.

Maji ya dagaa yaliyomwagika kwenye kapeti hunuka namna nyingine. Hunuka saa nane mchana gari likiwa limefungwa juani, hata kama halijawashwa tangu jana. Ukifungua mlango yanakupokea. Ukishusha vioo na kuondoka, harufu hupungua kadiri unavyokwenda. Ya kwako inafanya kinyume: gari likilala imelala, likitembea jioni inaamka, likizimwa inaondoka ndani ya dakika kumi. Hiyo ni tabia ya kitu kinachopata moto na kupoa. Mjusi naye simkubali. Mzoga hunuka mchana kutwa, hukolea siku za mwanzo, kisha hukauka. Haungoji magharibi, wala haukai miezi mitatu ukiwa na nguvu ileile.

Na turbo? Hapa nakuomba usimruhusu mtu aishushe kwa sababu ya harufu hii. Turbo hupata joto la kutisha, la nyuzi mia kadhaa, lakini ikivuja inanuka oili iliyoungua, harufu nzito ya kukaba koo, mara nyingi na moshi wa bluu nyuma au kutoka kwenye boneti. Isitoshe, turbo haijui kama ni asubuhi au usiku. Ukiikanyaga asubuhi kwenda kazini inafanya kazi ileile. Ingekuwa ni yenyewe, ungeisikia ukipanda mlima wowote, saa yoyote. Kuishusha ni kazi ndefu, na mabomba ya oili na maji yanayofunguliwa hapo yakirudishwa vibaya utakuwa umenunua uvujaji ambao hukuwa nao.

Basi jiulize kinachobadilika kati ya asubuhi na jioni. Barabara ni ileile, injini ni ileile. Kigoma jua huzama karibu saa moja, na hapo unawasha taa.

Sasa nieleze vizuri kinachotokea ndani ya plagi, maana ukikielewa utaweza kumsimamia fundi yeyote. Globu ya kawaida ya taa kubwa ni ya wati 55 au 60. Kwa betri ya volti 12, wati 55 ni mkondo wa ampea 4.6 hivi. Globu ya wati 100 inavuta ampea 8.3. Mtu akiona hivyo anasema: umeme umeongezeka karibu mara mbili, basi na joto mara mbili. Hapana. Joto kwenye maungio hupanda kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Kwa namba zako, joto kwenye plagi limeongezeka zaidi ya mara tatu, na plagi ni ileile iliyotoka kiwandani 2004, yenye miaka ishirini na zaidi ya kutetemeshwa na barabara.

Ndani ya plagi kuna vibati vidogo vya shaba vinavyobana miguu ya globu kama koleo. Vikiwa vipya hubana sawasawa na umeme hupita bila shida. Vikizeeka hulegea kidogo, na vumbi na unyevu huweka utando juu yake. Tuseme ukinzani wa hapo, yaani ugumu wa umeme kupita, umefika sehemu ya kumi ya omu, kiasi ambacho wengi hawatakigundua. Kwa globu ya wati 55, hapo patazalika joto la wati 2. Kwa globu ya wati 100, wati 7 hivi. Saba zinasikika chache, lakini gusa kile kiglobu cha namba ya gari, ambacho ni cha wati 5, baada ya kuwaka dakika kumi, uone kama utakishika. Sasa joto zaidi ya hilo limefungiwa kwenye kibati kisichozidi ukucha, ndani ya plastiki, nyuma ya taa ambayo yenyewe ni moto.

Na mambo hayaishii hapo. Kibati kikipata moto kinapoteza ukakamavu wake, hakibani tena kama zamani. Kisipobana, ukinzani unaongezeka. Ukinzani ukiongezeka, joto linaongezeka, shaba inakuwa nyeusi, nayo weusi huo hauipi umeme njia nzuri. Kila usiku ni mbaya kuliko uliopita. Ndiyo maana kabla ya miezi hii mitatu hukusikia kitu, na ndiyo maana siamini kwamba itatulia yenyewe. Mwanzo ni harufu ya samaki au mkojo. Baadaye huwa harufu ya plastiki inayoungua, hapo ngozi ya waya imeanza kulainika. Kinachofuata ni moshi.

Taa yako ya kushoto iliyofifia nayo inasema hivyohivyo. Umeme unaoliwa njiani na kugeuka joto haufiki kwenye globu. Ulipotaja taa hiyo nilijikuta nimenyanyuka kwenye kiti.

Umesema fyuzi haijakatika, na nahisi hilo ndilo lililokutuliza. Ni kosa wanalolifanya hata mafundi. Fyuzi inalinda waya usipitishe mkondo mkubwa kuliko uwezo wake. Fyuzi ya taa kubwa mara nyingi ni ya ampea 15, na globu yako inavuta 8.3. Kwa fyuzi, hakuna kosa lolote linaloendelea. Fyuzi haipimi joto la plagi iliyolegea. Tena maungio mabovu hupunguza mkondo badala ya kuuongeza. Plagi inaweza kuyeyuka mpaka ikadondoka, na fyuzi ikabaki nzima. Nimetoa plagi nyingi zilizokuwa donge jeusi, fyuzi zake zikiwa kama mpya. Na kama fundi yeyote atakushauri uongeze ukubwa wa fyuzi, mshukuru, uondoke.

Kuna gari moja sitalisahau. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa asali, akisafiri usiku kati ya Sikonge na hapa mjini. Aliniambia gari linanuka mkojo wa panya, nami nikampa miadi ya wiki iliyofuata, kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi na harufu haikunitisha. Siku ya nne aliletwa na lori. Plagi nyuma ya taa ilikuwa imeshika moto, ukapanda mpaka kwenye nyaya za injini. Yeye alitoka salama kwa sababu alikuwa amepunguza mwendo kwenye tuta akaona moshi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia gari linanuka samaki au mkojo, simpi miadi. Namwambia alilete leo.

Sasa tupime. Fanya mchana, mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa eksozi una hewa ya sumu isiyo na harufu. Washa injini iache ikiunguruma, AC na feni vimezimwa, redio imezimwa, amplifaya imezimwa. Washa taa kubwa peke yake. Ngoja dakika ishirini. Ukiisikia harufu mchana kweupe kwa taa tu, umeshajua mengi. Zima taa, acha kila kitu kipoe nusu saa, kisha washa feni ya AC kwenye kasi ya juu peke yake, ngoja tena. Halafu amplifaya na muziki peke yake. Usiwashe viwili kwa pamoja, hata kama una haraka. Ukichanganya utabaki pale ulipokuwa.

Kuna jaribio jingine la bure ninalolipenda sana. Harufu ikishakuja, badilisha kile kitufe cha AC kutoka hewa ya nje kwenda hewa ya kuzunguka ndani. Hewa ya nje huingilia chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na boneti. Harufu ikipungua baada ya kufunga hewa ya nje, chanzo kiko kwenye boneti: plagi za taa, boksi la fyuzi na relei (swichi zinazoamrishwa kwa umeme), au plagi ya altaneta inayochaji betri. Ikizidi, chanzo mko nacho ndani: swichi ya taa kwenye usukani, au plagi ya feni ya AC iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Plagi hiyo ya feni ndiyo mshukiwa wangu wa pili. Feni ikiwa kasi ya juu inavuta umeme mwingi kuliko taa moja, na majani ya mwembe yakiingia mpaka kwenye feni inavuta zaidi. Ulipobadilisha filta, uliona majani?

Baada ya hapo, zima kila kitu na ufungue boneti. Angalia mkanda usiwe unazunguka, na kumbuka feni ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe. Shika mwili wa plagi ya taa ya kulia, kisha ya kushoto, kwa mgongo wa kidole. Plagi isiyo na ubovu inakuwa ya uvuguvugu. Usipoweza kuacha kidole hapo sekunde tano, hiyo si salama. Zikipoa, zichomoe. Tafuta rangi ya kahawia kuzunguka moja ya matundu, plastiki iliyovimba au iliyolainika, kibati cheusi, ngozi ya waya iliyokuwa ngumu kama kijiti. Usishike kioo cha globu kwa vidole vitupu; mafuta ya ngozi huifupishia maisha. Ukiwa hapohapo, mulika tochi uone kama aliyebadilisha globu aliongeza waya, na kama waya huo umepita karibu na turbo, ambayo kwenye gari lako iko nyuma ya injini, upande wa kulia. Waya uliolala juu ya turbo hautamaliza mwaka.

Ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, au fundi anayeijua, kipimo cha uhakika ni hiki: taa zikiwa zinawaka, iweke kwenye volti, choma ncha moja kwenye waya unaoingia upande mmoja wa maungio na nyingine kwenye waya unaotoka upande wa pili. Maungio mazima husoma karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, hapo umeme unaliwa. Fundi akipima plagi ikiwa imechomolewa, au taa zikiwa zimezimwa, akakwambia "volti 12 zipo, plagi nzima", hajapima kitu. Bila mkondo kupita, plagi mbovu na nzima husoma sawa.

Tukija kwenye matengenezo, nitakwambia ninavyoona mimi. Rudisha globu za wati 55 au 60, za chapa nzuri, na ubadilishe plagi zote mbili, si ile ya kushoto tu. Zipo plagi za kauri zinazostahimili joto vizuri kuliko za plastiki. Zikipatikana hapo Kigoma, madukani Mwanga, nunua hizo. Fundi akate waya mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, abane au alehemu, afunike kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi ni kuutengeneza ugonjwa uleule upya. Hii ndiyo njia ya gharama ndogo, na kwa magari mengi inatosha.

Najua utaniuliza: na giza la barabara ya Kasulu? Ni swali la haki. Usiku kuna baiskeli zisizo na taa, kuna ng'ombe, na dereva anataka aone. Lakini kioo cha taa cha gari la umri huo mara nyingi kimekuwa cha njano na ukungu, na globu ya wati 100 nyuma ya kioo cha ukungu inapoteza mwanga palepale huku ikikipika zaidi. Kisafishe kwa msasa laini wa maji na dawa ya kung'arishia kwanza, kisha rekebisha mwelekeo wa taa. Nimeona watu wakishangaa kwamba globu walizozidharau zilikuwa na mwanga wa kutosha. Ukitaka zaidi ya hapo, fungiwa relei: umeme utoke kwenye betri kwa waya mnene, upitie fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na betri, na swichi ya gari ibaki na kazi ya kuamrisha relei tu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, hata globu ya wati 55 inawaka kwa nguvu yake yote.

Taa za LED sizikatai. Zinavuta umeme mdogo, kwa hiyo plagi itapumzika. Shida yake ni kwamba taa yako imeundwa kwa ajili ya globu ya halojeni, na LED nyingi zinazouzwa mitaani hutawanya mwanga ovyo. Wewe unaona weupe mbele ya boneti, anayekuja anapofuka. Mimi nisingeziweka kwenye gari langu.

Amplifaya nayo isisahaulike. Waya wake mnene unatoka wapi? Ukitoka kwenye betri, lazima uwe na fyuzi pale mwanzoni, si nyuma kwenye buti. Halafu tazama waya wake wa ethi ulivyofungwa kwenye bodi. Maji ya samaki yana chumvi na hula chuma. Kama ndoo ya dagaa imewahi kuvuja hapo, utaona kutu chini ya skrubu. Hapo dagaa wako watakuwa wamehusika kweli, kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria.

Kwa kuwa gari hilo lina injini ya turbo na silinda zilizolala, nikutajie haraka harufu nyingine utakazokutana nazo, usije ukazichanganya na hii. Oili iliyoungua baada ya kusimama: angalia gasketi za tapeti kava (vifuniko vya vali), maana silinda zikiwa zimelala oili inayovuja hudondokea moja kwa moja kwenye bomba la eksozi, na huenda usione tone chini. Harufu ya grisi inayoungua upande wa kulia, yaani wa dereva: tazama mpira wa CV wa ndani, ule unaofunika kiungio cha ekseli; uko jirani na bomba la moto, ukipasuka hurusha grisi juu yake. Harufu tamu kama sharubati, na kioo kinapata ukungu wa mafuta: maji ya rejeta yanavuja, usiendelee na safari ndefu. Karatasi inayoungua ukipanda kutoka bandarini: klachi, na kwenye gari linaloshika kwa miguu minne klachi ndiyo inayoumia, kwa sababu magurudumu hayakubali kuteleza. Mayai viza yana njia mbili, ama kichujio cha eksozi kwa sababu mafuta hayachomeki sawasawa, ama betri inayochajiwa kupita kiasi. Pima betri injini ikiwa inafanya kazi, ikivuka volti 15 nenda kwa fundi siku hiyohiyo. Petroli mbichi haina mjadala: zima, toka nje, usiwashe tena mpaka chanzo kimeonekana.

Na hii yako, ni lini uache kupima mwenyewe? Ukiona moshi, hata mwembamba. Ukisikia plastiki inayoungua badala ya samaki. Taa zikianza kucheza, au ukikuta waya ulioachana na ngozi yake. Ikitokea barabarani, zima taa na feni palepale kama unaweza kufanya hivyo bila kujihatarisha, egesha, zima injini, toa watu wote wasogee mbali. Usifungue boneti kwa pupa, hewa inayoingia ghafla hulisha moto. Ifungue kidogo tu, na kama una kizimamoto cha unga, kielekeze kwenye huo upenyo. Zimamoto wanapatikana kwa 114. Kizimamoto kiwe karibu na kiti chako, kisiwe kwenye buti chini ya mizigo ya Urambo.

Kwa kazi yenyewe tafuta fundi umeme, si fundi injini, hata huyo wa injini awe hodari kiasi gani. Kigoma kuna vijana waliosoma umeme wa magari VETA wanaoijua multimita. Mwambie unataka apime akiwa amewasha taa, na umwone akipima.

Kesho asubuhi chomoa plagi ya kushoto, ipige picha ndani na nje, kisha uniandikie ulichokiona. Mkeo alikuwa sahihi kukataa kupanda. Mwambie hivyo, na asipande usiku mpaka plagi zibadilishwe.